Kusikia Si Sauti Kubwa Tu

Katika nyumba nyingi za Arua na Koboko yuko mzee ambaye jamaa zake wamekwisha kumzoea. Ukimsemesha kwa sauti ya kawaida atauliza, "Umesemaje?" Ukipaza sauti atakunja uso: "Mbona unanifokea?" Wajukuu wanaona ni kichekesho. Wakubwa wanaona ana kisirani, au kwamba anasikia lile tu analotaka kulisikia. Mwishowe wanapunguza kumsemesha, naye anapunguza kutoka nje jioni watu wanapokaa kuzungumza.

Mzee huyo hana kisirani. Kutosikia sauti ndogo na kuumizwa na sauti kubwa ni mambo mawili yenye chanzo kimoja, na chanzo hicho sayansi inakijua vizuri. Kwa kuwa kinajulikana, mashimesikio ya siku hizi, yaani vifaa vya kuvaa sikioni vya kusaidia kusikia, yametengenezwa kwa namna tofauti kabisa na yale ya zamani, yaliyokuwa yakipiga mluzi sikioni hadi mwenyewe akayafungia sandukuni.

Ndani kabisa ya sikio, nyuma ya ngoma na vifupa vyake vitatu, kuna mfereji mdogo wenye maji, uliojiviringa kama gamba la konokono. Humo zimepangwa seli zipatazo 15,000 zenye vinyweleo. Kama 3,500 kati yake ndizo zinazopeleka habari ya sauti kwenye ubongo. Zile nyingine, ambazo ni nyingi zaidi, kazi yake haikueleweka vizuri kwa muda mrefu. Mwaka 1985 ilitangazwa habari iliyowashangaza wengi: watafiti walizitenga seli hizo, wakazipitishia umeme huku wakizitazama kwa hadubini, wakaziona zinafupika na kurefuka. Kumbe sikio halipokei sauti tu. Lina vikuza sauti vyake lenyewe, vinavyoutia nguvu mnong'ono na kuiacha sauti kubwa ipite karibu kama ilivyo.

Seli hizo za kukuza ndizo huharibika mapema, kwa umri, kwa kelele na kwa baadhi ya dawa. Zikiisha, mnong'ono haufiki tena, lakini ngurumo inafika kwa ukali uleule wa zamani. Nafasi iliyo kati ya "sisikii" na "inaniumiza" inakuwa finyu. Mzee wetu anaishi ndani ya nafasi hiyo finyu, ndiyo maana anauliza na kulalamika katika dakika moja.

Kuna jambo jingine. Mfereji ule umegawanyika: sauti nyembamba zinapokewa karibu na mlango wake, sauti nzito zinapokewa ndani kabisa. Uharibifu wa uzee na wa kelele huanzia kwenye sauti nyembamba. Katika maneno, sauti nyembamba ni s, sh, f, t, k, yaani konsonanti zinazotofautisha neno moja na jingine. Irabu, ambazo ni nzito na zina nguvu zaidi, zinabaki. Ndiyo maana watu wengi wenye tatizo hili hawasemi kwamba hawasikii. Wanasema, "Nasikia unaongea, ila sishiki unachosema." Tuwaamini, maana ndivyo ilivyo hasa.

Kwa binadamu seli hizi za vinyweleo hazioti tena. Kwa kuku huota. Hilo liligunduliwa mwishoni mwa miaka ya 1980, na tangu hapo wataalamu wanatafuta njia ya kuziamsha za binadamu. Hadi leo hakuna tone wala kidonge kinachozirudisha, na anayekuuzia chupa ya matone sokoni kwa ahadi hiyo anachukua pesa yako bure.

Shimesikio basi ni msaada. Halirudishi sikio kama lilivyokuwa. Lakini tazama lilivyobadilika. Lile la zamani liliongeza kila kitu kwa kipimo kimoja: sauti ya mjukuu iliongezwa, na sufuria iliyoanguka jikoni ikaongezwa vilevile, hata mvaaji akaruka kwa maumivu. Tangu katikati ya miaka ya 1990, kilichomo ndani ni kompyuta ndogo. Maikrofoni inapokea sauti, kompyuta inaigawa katika mafungu ya nyembamba na nzito, kila fungu linaongezwa kadiri sikio la mtu huyo lilivyopungukiwa, kisha spika ndogo inaitoa. Yote hayo yanakamilika katika sehemu chache za elfu za sekunde moja. Sauti dhaifu huongezwa sana, ya wastani kidogo, kubwa karibu haiguswi. Kwa maneno mengine, kompyuta inajaribu kufanya kazi ya zile seli zilizokufa. Ule mluzi nao, unaotokea sauti ya spika inapovuja na kurudi kwenye maikrofoni, kompyuta inautambua na kuufuta.

Kinachofanya watu waseme mashimesikio haya yana akili ni hatua iliyofuata. Yana maikrofoni mbili zilizoachana kwa milimita chache. Sauti inayotoka mbele inaifikia ya mbele kwanza, inayotoka nyuma inaifikia ya nyuma kwanza, na kwa tofauti hiyo ndogo kifaa kinapunguza kilicho nyuma na kukiachia kilicho mbele. Katika miaka hii ya 2020 yamekuja yenye akili mnemba: programu iliyosikilizishwa rekodi nyingi mno za usemi uliochanganyika na kelele, hadi ikajifunza kuvitenganisha.

Chukua sasa mama anayeuza dagaa na samaki wakavu katika soko kuu la Arua. Mteja mmoja anamsemesha kwa Kilugbara, wa pili aliyetoka Ariwara ng'ambo ya mpaka anachanganya Kilingala na Kiswahili, wa tatu anaongea Kinubi. Jirani ana redio. Nje boda boda zinapiga honi. Mama huyu, akiwa na umri wa miaka 58, ameanza kukosea bei. Anasikia "tano" mahali paliposemwa "tatu", anapoteza pesa au anagombana na mteja. Shimesikio la kisasa likiwekwa vizuri linaweza kumrudishia tofauti ya tano na tatu. Haliwezi kumnyamazishia soko. Hakuna kifaa kinachojua ni sauti ipi kati ya kumi unayoitaka wewe. Kinakisia kwamba ni ya mtu uliyemwelekea. Kwa hiyo mama huyu atafaidika zaidi akigeuza meza yake, redio ya jirani ikabaki mgongoni na wateja wakasimama mbele yake penye mwanga, auone mdomo wa mtu anayemsemesha.

Kwa dereva wa boda boda anayepita barabara ya lami inayotoka Vurra hadi Oraba kupitia Arua na Koboko, swali ni jingine: lori linakuja kutoka upande gani? Ubongo unajua upande wa sauti kwa kulinganisha masikio mawili. Sauti ya kulia huliwahi sikio la kulia kwa muda usiofika hata sehemu moja ya elfu ya sekunde. Mtu aliyepungukiwa pande zote mbili akipewa shimesikio moja, ulinganisho huo unavurugika. Ndiyo sababu wataalamu hupendekeza mawili. Najua moja peke yake tayari ni ghali. Ila anayepewa nafasi ya kuchagua kati ya moja la bei kubwa na mawili ya bei ya chini yenye ubora unaokubalika, aulize juu ya hayo mawili kwanza.

Lipo jambo la huku kwetu West Nile hasa, nami nalitilia mkazo kwa sababu sijaona likisemwa vya kutosha. Kilugbara, Kikakwa, Kimadi na Kialur ni lugha za toni. Kupanda na kushuka kwa sauti ndani ya neno ni sehemu ya neno lenyewe. Ukibadilisha toni umesema kitu kingine. Kiswahili hakiko hivyo, wala Kiingereza. Toni inabebwa na sehemu nzito ya sauti, ile ambayo masikio mengi ya wazee bado yanaipata. Hiyo ni neema: bibi wa Kikakwa aliyepoteza konsonanti bado anaweza kushika toni za maneno na kukisia mengine. Lakini mtu anayemwekea shimesikio akikata sauti nzito kupita kiasi ili kupunguza kelele, anaweza kumnyang'anya kile alichobakiwa nacho. Mojawapo ya kanuni zinazotumika sana duniani kupimia kiasi cha kuongeza ina chaguo maalumu kwa wasemaji wa lugha za toni, na ukiliweka, sehemu nzito inaongezwa kidogo. Ni suala la kubofya mahali pamoja kwenye kompyuta. Basi mpimaji akisahau kuuliza lugha ya nyumbani, mwambieni wenyewe. Pia majaribio mengi yaliyochapishwa kuhusu mashimesikio yamefanywa kwa wasemaji wa Kiingereza na lugha nyingine za Ulaya, au Kichina. Jinsi programu mpya za kuchuja kelele zinavyolihudumia sikio la Mlugbara ni kazi inayowangoja wanafunzi wetu wa vyuo vikuu.

Kwa mtoto, habari ni nzito zaidi kwa sababu ya muda. Ubongo wa mtoto mchanga unajifunza lugha kwa kuisikia au kuiona, na haungoji. Mwaka 1998 yalichapishwa matokeo yaliyobadili huduma katika nchi nyingi: watoto wenye uziwi waliogunduliwa kabla ya miezi 6 na kusaidiwa mapema walikuwa na lugha bora kuliko waliogunduliwa baadaye, awe mtoto mwenye uziwi mdogo au mkubwa. Mama anaweza kuanza kutazama mwenyewe dalili kama hizi. Mtoto mchanga hashtuki mlango ukibamizwa. Wa miezi 6 hageuki unapomwita akiwa hakuoni. Wa mwaka mmoja na nusu hana neno hata moja. Ukiona hivyo usikubali kuambiwa, "Baba yake pia alichelewa kuongea." Nenda kituo cha afya, uombe barua ya kupelekwa mbele, hadi hospitali ya rufaa ya Arua ikibidi.

Darasani shimesikio peke yake halitoshi. Sauti ya mwalimu hupungua kila mtoto anavyokaa mbali, na katika shule zenye watoto zaidi ya 100 chumba kimoja, kama zilivyo nyingi katika makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp na Bidi Bidi, kelele za wenzake zinaifunika. Kuna maikrofoni ndogo ambayo mwalimu anaivaa kifuani, ikatuma sauti yake moja kwa moja kwenye shimesikio la mtoto. Ni kati ya vifaa vinavyoleta tofauti kubwa kuliko vyote. Kama hakipo, dawati la mbele linapatikana bure.

Na yuko mtoto ambaye uziwi wake ni mkubwa mno, shimesikio lolote halitamfikisha kwenye maneno. Huyo apewe Lugha ya Alama mapema. Ni lugha kamili, na Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inaitaka serikali kuhimiza uendelezaji wa lugha ya alama kwa viziwi. Mzazi asiione kama kushindwa, na wala mtoto mwenye shimesikio hakatazwi kuijifunza.

Pengine umesikia kwamba shimesikio linazuia ugonjwa wa kusahau wa uzeeni. Hapa twende taratibu. Ni kweli kwamba watu wenye usikivu hafifu hupata ugonjwa huo zaidi kuliko wengine. Ili kujua kama shimesikio linasaidia, lilifanywa jaribio kubwa Marekani na kutangazwa mwaka 2023: watu 977 wenye umri wa miaka 70 hadi 84 walifuatiliwa kwa miaka 3, nusu wakipewa mashimesikio pamoja na ushauri, nusu wakipewa mafunzo ya afya ya kawaida. Kwa jumla yao, hakukuwa na tofauti. Kwa kundi dogo zaidi ndani yao, waliokuwa tayari katika hatari kubwa, kufifia kwa akili kulipungua kwa karibu nusu. Ni matokeo ya kutia moyo na yanahitaji kuthibitishwa. Ambacho hakina ubishi ni faida iliyo karibu zaidi: mtu anarudi kuzungumza na watu wake. Kwangu mimi hiyo peke yake inatosha kulitafuta shimesikio.

Kwa nini basi tunayaona machache? Ripoti ya kimataifa ya mwaka 2021 ilikadiria kwamba watu milioni 430 duniani wana upungufu wa usikivu unaohitaji huduma, na kwamba wanaotumia mashimesikio ni chini ya mmoja kati ya watano wanaoyahitaji. Bei ni sababu ya kwanza. Katika nchi tajiri jozi iliyowekwa na mtaalamu inaweza kuzidi shilingi milioni 10 za Uganda. Lakini bei inaanza kusogea. Marekani iliruhusu mwaka 2022 mashimesikio kuuzwa dukani bila cheti kwa watu wazima wenye tatizo dogo au la wastani, na mwaka 2024 ikaidhinisha programu inayogeuza spika za masikioni za simu kuwa shimesikio kwa watu wa kundi hilohilo. Mafanikio hayo yatafika na kwetu. Yakifika, yatakuja pamoja na vikuza sauti vya bei rahisi vinavyouzwa kama mashimesikio ilhali vinaongeza kila kitu kwa pamoja, kama vile vya zamani. Kisichoweza kurekebishwa kulingana na kipimo cha sikio lako, na kisicho na kikomo cha sauti ya juu, kinaweza kuliharibu hata lile sikio lililobaki.

Sababu ya pili ni matunzo: betri na usafi. Betri nyingi za shimesikio ni kidonge kidogo chenye kibandiko cha rangi mgongoni. Ukikibandua, hewa inaingia kwenye vitundu na betri inaamka. Haizimiki tena hata ukirudisha kibandiko. Itadumu siku chache hadi wiki mbili au tatu, kutegemea ukubwa wake. Anayeishi mahali pa mbali kama Lobule akiishiwa betri na duka la karibu halina, shimesikio la mamilioni linakuwa kipande cha plastiki. Mashimesikio ya kuchaji yanafanya kazi siku nzima kwa chaji ya saa chache, na sola ndogo ya nyumbani inayochaji simu inatosha. Huku kwetu ningeyapa haya nafasi ya kwanza, nikikumbuka kwamba betri ya ndani nayo huchoka baada ya miaka michache. Jioni shimesikio lifutwe kwa kitambaa kikavu, tundu la spika lisuguliwe kwa brashi yake kuondoa nta, kisha lilale katika kopo lenye kifuniko na kile kipakiti cha kukausha unyevu. Mara nyingi shimesikio linalosemwa "limekufa" limezibwa na nta tu.

Na kabla ya yote, sikio litazamwe. Nta iliyoziba inaweza kumfanya mtu aonekane kiziwi, na kuiondoa ni kazi ya dakika chache kwa muuguzi aliyefundishwa. Sikio linalotoa usaha litibiwe kwanza. Lisimiminiwe mafuta wala maji ya majani. Sehemu kubwa ya uziwi wa utotoni, kama asilimia 60, inaweza kuzuiwa. Homa ya uti wa mgongo imewaacha viziwi watoto wengi katika ukanda huu, na ndiyo maana kampeni ya chanjo ya Januari 2017, iliyofika West Nile, ilikuwa pia kampeni ya masikio, hata kama hakuna aliyeiita hivyo. Sindano za zamani za kifua kikuu sugu zilijulikana kwa kuua zile seli za vinyweleo. Matibabu ya sasa ya vidonge yamezipunguza sana. Mgonjwa yeyote anayeanza kusikia mvumo masikioni akiwa kwenye dawa amwambie daktari siku hiyohiyo, wala asiache dawa kimyakimya.

Sababu ya tatu, ambayo mimi naiona kubwa kuliko bei, ni kukosa mtu. Shimesikio huwekwa, mvaaji hulizoea kwa wiki kadhaa, ubongo wake ukijifunza upya sauti zilizosahaulika, kisha hurekebishwa. Wiki ya kwanza nyayo zake mwenyewe zinaweza kumkera. Asipokuwapo wa kumwambia kwamba hilo litapita, au wa kupunguza kidogo, atalivua. Habari njema ni kwamba mtu huyo si lazima awe daktari bingwa. Afrika Kusini wahudumu wa afya ya jamii wamepima usikivu kwa simu na vipokea sauti vya masikioni wakafanya vizuri, na mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2024 umekubali kwamba wasio mabingwa, wakifundishwa na kusimamiwa, wanaweza kupima na kuweka mashimesikio kwa watu wazima na watoto wakubwa. Uganda ina wahudumu wa afya katika kila kijiji. Muuguzi mmoja wa Koboko aliyefundishwa, anayepatikana kila siku ya soko, atawasaidia watu wengi kuliko msafara wa wageni wanaokuja kwa siku mbili kugawa mashimesikio.

Msafara ukija hata hivyo, upokelewe. Ila viongozi wa mtaa wawaulize wageni watarudi lini kurekebisha, na betri za mwaka mzima ziko wapi. Wakisema hawatarudi, waombwe wamfundishe muuguzi wa hapa kabla ya kuondoka, wamwachie na waya pamoja na programu ya kurekebishia.